Ufunguo wa Darasa la Saba

Nilikuwa mwalimu mwenye mdomo, na sikatai. Shule yetu ilikuwa ya baraza la jiji, huku Eastlands, upande wa ile mitaa mipya iliyoota kando ya barabara ya Outer Ring. Mzazi yeyote aliyemleta mtoto kwangu alijua atamkuta mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kuvuka uwanja, asiyevumilia uvivu wala uongo. Uongo hasa. Mtoto akiniambia daftari lake limeliwa na mbuzi, nilimrudisha nyumbani akaniletee huyo mbuzi nimwone. Ndiyo maana haya nitakayoyasimulia yananiuma mara mbili, na mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Mwaka ule nilipewa darasa la saba, na pamoja nalo somo la uraia. Kitabu kilieleza uchaguzi kwa kurasa mbili tu. Raia ni nani, mbunge ni nani, kura ni nini. Watoto walizikariri zile kurasa vizuri sana, wakanisomea kwa sauti moja kwamba kura ni haki ya kila raia mtu mzima. Nikawauliza haki ni kitu gani. Wote arobaini na saba wakaangalia madawati yao. Nikasema haya, nyinyi mtafundishwa kwa kutenda, kwa sababu hakuna aliyejifunza kupika ugali kwa kusoma pakiti ya unga.

Nikawatangazia kwamba kiranja wa darasa mwaka huo hatateuliwa na mwalimu. Atachaguliwa. Tutaigiza uchaguzi mzima kama wanavyofanya wakubwa: wagombea wataomba kura, tutakuwa na makarani wa kuhesabu, tutakuwa na msimamizi wa kutangaza matokeo. Lingekuwa igizo, lakini mwisho wake ungekuwa wa kweli, kwa maana atakayeshinda angekabidhiwa ufunguo.

Ufunguo ndio mambo yote. Darasa letu lilikuwa na kufuli kubwa la shaba, kwa sababu madawati yalishawahi kutembea usiku yakaishia kuwa kuni za watu. Kiranja ndiye aliyefungua asubuhi na mapema na ndiye aliyefunga jioni. Na kwa kuwa yeye ndiye mfungaji, hakuna aliyemharakisha. Angeweza kukaa humo mpaka giza liingie, kimya kimetulia, balbu inawaka, madawati yote yake.

Kulikuwa na msichana mmoja aliyeutaka ule ufunguo kuliko kitu chochote. Alikuwa mrefu, na sketi yake ilikuwa imeteremshwa upindo mara tatu, ikabaki na mistari mitatu ya rangi ya zamani kama pete. Kwao walikuwa watu saba katika chumba kimoja. Mama yake alikuwa fundi wa nguo. Cherehani ilinguruma humo ndani kutoka asubuhi hadi watu walale, na meza ya pekee ilikuwa ya vitambaa. Wiki ya kwanza ya muhula alinifuata baada ya kengele, akasimama wima, mikono nyuma.

"Mwalimu, naomba niwe kiranja."

"Kwa nini?"

"Nataka mahali pa kusoma."

Basi. Hakupamba maneno. Ningeweza kufungua droo dakika ile ile nikampa ufunguo, na hadithi ikaishia hapo. Lakini mimi nilikuwa na somo langu la uraia, na nilikuwa nimelewa fikra yangu nzuri. Nikamwambia, "Mimi sigawi vyeo. Hivyo ni vya wenzako. Nenda ukawaombe." Akasema ndiyo mwalimu, akaenda. Nilijiona hodari sana siku hiyo.

Na kweli aliwaomba. Aliwaahidi kwamba akipata ufunguo atafungua saa moja kabla ya wakati, na yeyote aliyeshindwa na hesabu za sehemu aje amwelekeze. Hakuwa anabahatisha, hesabu za sehemu alizijua kuliko mimi, na nasema hivyo bila kuona haya. Tena watoto walikumbuka kwamba siku ya mtihani wa mwaka uliotangulia alikuwa amekata kifutio chake vipande vinne akawagawia waliokuja bila. Mambo kama hayo watoto hawayasahau.

Mpinzani wake alikuwa mvulana mcheshi, mtoto wa karani wa ofisi mjini, mwenye tai iliyofungwa vizuri kuliko ya mwalimu mkuu. Hakutaka kusoma jioni. Alitaka mpira. Aligombea kwa sababu marafiki zake walimsukuma, na ahadi yake ilikuwa moja: hataandika majina ya wapiga kelele. "Nipeeni kura muone vile mtapumua," aliwaambia, darasa likacheka mpaka nikalazimika kugonga meza. Sikuwa na wasiwasi. Kila niliyemsikiliza kwenye foleni ya uji alikuwa upande wa msichana.

Nilikwisha tengeneza sanduku la kura kwa katoni ya mafuta ya kupikia, nikalitoboa juu, nikalibandika karatasi nyeupe. Kisha ukaja uchaguzi wa wakubwa ukatupita mbele.

Waliokuwa hai miaka ile wanakumbuka. Chama kilikuwa kimoja, na uteuzi wa wagombea wake haukufanywa kwa karatasi za siri. Ulikuwa wa mlolongo. Mpiga kura alikwenda uwanjani akapanga mstari nyuma ya picha ya mtu wake, mchana kweupe, jirani akimwona. Kituo kimojawapo kilikuwa uwanja wa shule yetu, na walimu ndio tuliokuwa makarani. Haukuwa mwaliko wa kukataa. Barua ilikuja, ukaenda.

Picha zilikuwa mbili. Moja ilikuwa ya bwana mwenye miwani, nyingine ya bwana mwenye kofia, na tuwaite hivyo hivyo. Kufikia saa nne mstari wa miwani ulikuwa umetoka katikati ya uwanja, umepita vyoo, umepinda kwenye bomba la maji, umetoka nje ya lango. Mstari wa kofia ulifika kwenye goli, ukaishia hapo, na hao wa mwisho walikuwa wamechuchumaa kivulini wakila miwa.

Tulihesabu wawili, mimi na mwalimu wa darasa la sita. Tulitembea tukigusa kila mtu begani, mmoja mmoja, kwa sauti. Nilipofika kwa mama aliyeniuzia mboga kila Jumatatu, alinishika mkono. "Mwalimu wangu, nihesabu vizuri. Leo sikufungua kibanda." Nikamwambia nimekuhesabu mama, wala usijali. Tukarudia hesabu kutoka mwanzo ili tusiwe na shaka. Namba zilikuwa zile zile. Mstari wa miwani ulikuwa zaidi ya mara tatu ya ule mwingine, na hilo hata asiyejua kuhesabu aliliona.

Msimamizi wa kituo alikuwa mgeni kwetu, bwana wa ofisi fulani, amevaa kaunda suti ya kijivu, mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni. Alipokea karatasi yetu kwa mikono miwili, akasema asanteni walimu, akaingia nayo darasa la saba, darasa langu, akafunga mlango. Alikaa humo muda wa kunywa chai. Akatoka na karatasi nyingine, akapanda juu ya kiti, akasoma kwamba mshindi ni bwana mwenye kofia.

Watu walicheka. Nataka hilo lieleweke. Jambo la kwanza kwenye ule uwanja lilikuwa kicheko, kicheko kizuri kabisa, cha watu wanaodhani mtu amechanganya karatasi na sasa hivi atajirekebisha. Nami nilicheka. Tukamngojea. Yeye akaikunja karatasi mara mbili, akateremka kitini. Askari waliokuwa wamesimama langoni wakageuka polepole wakauelekea ule mstari mrefu. Kicheko kikazimika kuanzia mbele kwenda nyuma, hadi kule nje ya lango ambako hawakuwa wamesikia bado.

Tuliitwa mezani kutia sahihi. Nikaiona karatasi. Namba haikuwa yangu. Ilikuwa namba ambayo sijawahi kuiona maishani mwangu. Nikaanza kusema, "Bwana, hii siyo—"

Hakunikaripia. Angenikaripia nadhani ningemjibu, maana mimi ukinipandishia sauti nakupandishia. Alisema tu, kama mtu aliyechoka, "Mwalimu, weka sahihi. Watu wanataka kurudi nyumbani."

Nikaweka. Hakuna aliyenishika bega, hakuna aliyenitishia kazi. Ni mkono wangu huu huu wa kuandikia ubaoni, uliokwenda wenyewe, ukaandika jina langu kwa hati safi ya mwalimu. Mwenzangu wa darasa la sita akatia yake chini ya yangu bila kusoma. Nilipoinua uso nikaona watu wanatawanyika kimya kimya, na yule mama wa mboga anapangusa vumbi kwenye kanga yake. Jumatatu yake nilipokwenda kibandani alinichagulia nyanya nzuri kama kawaida, akaniongezea moja. Afadhali angenitukana.

Na watoto. Juu ya ukuta wa vyoo walikuwa wamekaa safu nzima ya darasa langu, miguu inaning'inia. Nilikuwa nimewafukuza mara mbili asubuhi wakarudi. Kutoka pale juu mtu anauona uwanja wote, na meza ya makarani iko karibu kiasi kwamba unaweza kuona kalamu.

Ijumaa ikawa zamu yetu. Niliingia darasani na katoni yangu ya mafuta. Mkono mmoja ukainuka, kisha mingine.

"Mwalimu, tusipige kwa sanduku. Tupige kama wakubwa. Ya mlolongo."

Nilitaka kukataa. Lakini nikajiambia, si kitu, pengine hii ni bahati. Hapa ndani hakuna kaunda suti wala askari. Mstari utapangwa, utahesabiwa, utatangazwa ulivyo, na watoto hawa wataona kwa macho yao jinsi jambo lile lilivyopaswa kwenda. Lililoharibika uwanjani nitalinyoosha darasani. Hiyo ndiyo hesabu niliyoipiga.

Nikachagua msimamizi: kasichana kadogo kuliko wote, kenye sauti ya kukwaruza, ambako hakajawahi kukosea hesabu ya kichwa tangu nianze kukafundisha. Nilikachagua kwa sababu hiyo. Kakaja mbele kamevaa koti la baba yake, mikono imekunjwa mara nne, na kalamu mbili mfukoni. Nilipoziona zile kalamu nilitabasamu. Nikateua na makarani wawili. Wagombea wakasimama pembeni mwa ubao, mmoja kila upande, na wenzao arobaini na wawili wakaanza kujipanga.

Mstari wa msichana ulitoka ubaoni, ukapita katikati ya madawati, ukagonga ukuta wa nyuma, ukapinda ukarudi kwenye dirisha. Wa mvulana haukupita dawati la tatu. Msichana hakuwatazama, aliangalia sakafu, lakini niliona vidole vyake vikihesabu kwenye upindo wa sketi. Makarani wakapita wakigusa mabega. Mmoja aliweka mkono kiunoni na kutembea amebinua kichwa, darasa likacheka, ndipo nikatambua kwamba ananiigiza mimi. Nikacheka nao. Thelathini na mmoja kwa kumi na mmoja. Nilikuwa nimewahesabu mwenyewe kimoyomoyo.

Msimamizi akapokea karatasi kwa mikono miwili. Akasema asanteni walimu. Akatoka nje, akafunga mlango.

Darasa likangoja kwa adabu. Nilidhani kanatia chumvi igizo, watoto wanapenda madoido. Kakarudi na karatasi nyingine, kakapanda juu ya kiti changu, kakakohoa. Kakatangaza kwamba mvulana amepata kura thelathini na moja na ndiye mshindi.

Mimi nikangoja kicheko. Nilikingoja kwa kweli, nimekwisha andaa na jibu la mzaha. Hakikuja. Darasa likapiga makofi, yale makofi ya mpangilio wanayopiga mkaguzi akija, pa pa pa, kisha kimya. Mvulana alishangaa kidogo, akautazama mstari wake mfupi, akanyoosha tai. Msichana akavuka akampa mkono. Hakuna mtoto hata mmoja aliyenung'unika.

"Teremka," nikamwambia msimamizi. "Njoo hapa. Mstari mrefu ulikuwa wa nani?"

"Wa yeye, mwalimu," akasema, akimwonyesha msichana.

"Ulikuwa na watu wangapi?"

"Thelathini na mmoja."

"Sasa mbona umemtangaza huyu?"

Akaniangalia kwa makini, kama mtoto anayejua jibu lakini haelewi kwa nini anaulizwa jambo rahisi hivyo. "Makarani ndio huhesabu, mwalimu. Msimamizi yeye huandika matokeo."

"Na mstari ni wa nini?"

Akafikiri. Alikuwa mtoto mkweli yule, hakuwa na hila hata chembe. "Mstari ni wa watu kuonekana kwamba walikuja."

Kisha akanyoosha ile karatasi kwangu. Chini kabisa alikuwa amepiga mstari kwa rula, ulionyooka vizuri, na kando yake ameandika kwa herufi kubwa: MWALIMU. "Bado sahihi yako," akaniambia. "Tulikuona vile uliweka."

Hawakuwa wananikejeli. Ningejua kejeli, nimeishi nayo Eastlands miaka yote. Walikuwa wananionyesha kwamba wameelewa somo. Niliwaambia tutafanya kama wakubwa, wakafanya kama wakubwa, kila hatua mahali pake, na sasa walikuwa wananingojea mimi nimalizie sehemu yangu.

Nikaichana ile karatasi. Nikagonga meza, nikapandisha sauti ile ya kuvuka uwanja. Nikasema hayo matokeo ni batili, yamefutwa, tunarudia. Kila mtu arudi nyuma ya mgombea anayemtaka moyoni mwake, na safari hii nitahesabu mimi na nitatangaza mimi. "Moyoni mwenu," nikarudia. "Mmesikia?"

"Ndiyo mwalimu."

Wakasogea. Mwanzoni sikuelewa ninachokiona. Wale kumi na mmoja hawakuondoka nyuma ya mvulana. Wale thelathini na mmoja walivunja mstari wao, wakapita katikati ya madawati, bila kusukumana, wakaenda kuungana nyuma yao. Mmoja baada ya mwingine. Nikamshika bega wa karibu, mtoto aliyepewa kipande cha kile kifutio, nikamuuliza unakwenda wapi wewe. Akanijibu kwa upole, "Mwalimu, huyu si ameshatangazwa?"

Mstari ukajaza darasa lote, ukapinda mara mbili. Upande wa pili wa ubao msichana akabaki peke yake. Sitaisahau ile nafasi tupu nyuma yake, sakafu ya simiti ikionekana hadi ukutani. Alingoja kidogo. Akanitazama. Nilijua alichokuwa anaomba kwa yale macho, alikuwa anaomba mimi niseme kitu, na mimi mwenye mdomo sikuwa na kitu. Akaokota daftari lake, akavuka, akasimama mwisho wa mstari wa mvulana.

"Na wewe?" nikamuuliza.

"Nikibaki pale nitaonekana niko peke yangu, mwalimu."

Habari zilifika kwa mwalimu mkuu kabla ya chai ya saa nne. Aliniita ofisini, akafunga mlango, akazungumza kwa sauti ya chini. Aliniuliza kama ni kweli nimefuta matokeo ya mlolongo mbele ya watoto. Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, maana hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu na watoto sita na nyumba ya baraza la jiji.

"Mwalimu, uwanjani ulitia sahihi," akasema. "Darasani umechana. Hao watoto jioni wataeleza nyumbani, na nyumbani kuna majirani. Wakiuliza ipi kati ya hizo mbili ndiyo unayoamini, utajibu nini?"

Hakungoja nijibu.

"Mpe kijana ufunguo. Tuseme ulikuwa mchezo. Na usiguse tena."

Nikampa kijana ufunguo siku hiyo hiyo mchana, mbele ya darasa, nikamsomea masharti kama nilivyowasomea viranja wote: ufunguo hautoki mkononi mwako, haukopeshwi, haugawanywi. Wakapiga makofi yao.

Hakuwa kiranja mbaya. Alitimiza ahadi yake, hakuandika mpiga kelele hata mmoja, na nikapata kazi ya kupiga kelele peke yangu. Kengele ya jioni ikilia tu, alifunga darasa, akakimbilia mpira. Msichana alimwomba amwachie mlango wazi. Alikataa kwa heshima, akamwambia mwalimu alisema ufunguo haugawanywi. Kwa hiyo msichana akawa anakaa nje, kwenye ngazi ya darasa, magoti yakiwa ndiyo meza, anasoma mpaka herufi zisionekane. Kila jioni nikielekea langoni nilimpita. Kila jioni alisimama, kama walivyofunzwa, akasema, "Kwaheri, mwalimu." Ilikuwa heshima kamili, haikupungua hata kidogo.

Utaniuliza kwa nini sikumwambia yule kijana amwachie tu mlango. Neno moja, na mambo yangekuwa yamekwisha. Tena nikuambie jambo ambalo sikumwambia hata mume wangu: kila mwalimu wa darasa alikuwa na ufunguo wa akiba. Wangu ulikuwa ndani ya mkoba, kwenye mfuko wa zipu, na kila nilipompita kwenye ile ngazi niliusikia ukigongana na sarafu. Niliogopa. Niliogopa kwamba nikimfungulia, mtoto mmoja ataniuliza kwa nini nimemfungulia, na jibu la kweli lingeanzia uwanjani.

Mvua za masika zikaja. Jioni moja ilinyesha ya upepo, ikawa inaingia hadi barazani. Nikamkuta amejibana kwenye mlango uliofungwa, kitabu amekiweka ndani ya sweta, ananingojea nipite ili aseme kwaheri. Hapo nilishindwa. Nikafungua zipu, nikatoa ufunguo, nikafungua lile kufuli, nikawasha taa.

"Ingia ndani."

Hakuingia. "Nani ameruhusu, mwalimu?"

"Mimi."

"Na kiranja?"

"Kiranja ni wewe," nikasema. "Wenzako walikuchagua, thelathini na mmoja. Niliwahesabu mimi mwenyewe, mmoja mmoja."

Alisimama wima, mikono nyuma, kama siku ile aliyokuja kuomba. Hakuwa na hasira. Alinijibu kwa sauti ya mtoto anayemsahihisha mkubwa kwa adabu.

"Hata wale wa uwanjani uliwahesabu, mwalimu."

Mvua ilikuwa inapiga mabati, nami nikajifanya sikumsikia. Nikauacha mlango wazi, taa ikiwaka, nikajifunika mkoba kichwani nikaondoka. Nilipofika langoni niligeuka. Hakuwa ameingia. Alikuwa ameketi pale pale kwenye ngazi na maji yanamrukia, amesogea kidogo tu, hadi pale mwanga wa mlangoni ulipofikia kitabu.